Nguzo ya Nane

Mimi nina ugonjwa mmoja ambao haujapatiwa dawa: nikiona jambo silielewi, chakula hakipiti. Mama anasema nilizaliwa nikiuliza, na mkunga ndiye wa kwanza kuchoka kunijibu. Kwa hiyo siku aliposema anataka kulitoa turubai kubwa, alitoe bure, lipelekwe kwa watu wa tetemeko, nilijua wiki hiyo sina raha.

Kwanza nieleze turubai lenyewe, maana kwetu turubai si kitambaa, ni kazi. Baba, Mungu amrehemu, alianza na moja dogo la kukodisha kwa watu wenye harusi na misiba. Alipofariki alituachia matatu: mawili madogo na hili kubwa, jeupe lenye mistari ya kijani, watu mia mbili wanakaa chini yake bila kugusana mabega. Mtaa mzima unamwita mama yangu Mama Turubai, na sidhani kama kuna anayekumbuka jina lake jingine.

Turubai kubwa lina nguzo nane za chuma, sita za pembeni na mbili za katikati. Baba aliweka utaratibu ambao sijauona kwa wakodishaji wengine: kila nguzo ina mwenyewe. Yako unaipakia wewe, unaishusha wewe, unaisimamisha wewe, na mwenzako haigusi hata kama unapumulia mdomo. Alisema ukifanya hivyo hakuna kitu kitakachosahaulika kwenye uwanja wa watu. Mama ana tatu za pembeni, mimi nina tatu. Za katikati, zile nzito, moja ilikuwa ya Baba, na siku hizi anaibeba Mama na hataki kusaidiwa. Nyingine ni ya mdogo wangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa kujidai alichomelea kipete shingoni mwa nguzo yake ili ijulikane hata gizani.

Miaka miwili iliyopita tulikuwa kwenye harusi. Upepo ukaja, kamba ya upande mmoja ikakatika, turubai likalala juu ya meza ya wazee wa bwana harusi. Hakuna aliyeumia, ila mzee mmoja alitoka chini ya kitambaa na mchuzi kwenye nyusi. Mama akaja juu. Akamwambia mdogo wangu, mbele ya watu wote, kwamba amefunga kamba huku macho yake yapo kwenye simu. Mdogo wangu akasema kamba zimechakaa, na ameshasema mwaka mzima. Mama akasema kama ana maneno mengi hivyo, achukue na nguzo yake aondoke.

Basi akaichukua. Sitanii. Aliichomoa nguzo, akaitia begani, akapita katikati ya waalikwa akitembea kama mtu anayepeleka jeneza peke yake, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti cha nyumba yetu. Alipanga kwingine, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, akaoa, akapata mtoto, na Mama habari zote hizo alizipata kwangu, akijifanya anachambua mchele.

Turubai kubwa tukaliwekea mti pale kwenye nguzo ya nane. Mti wenyewe mfupi kwa shibiri moja, kwa hiyo turubai likawa na bonde katikati. Wateja wakiuliza, Mama anawaambia ndiyo mtindo. Na kwa kuwa likikunjwa ni kubwa kama ng'ombe aliyelala, Mama aliliingiza kwenye chumba cha mdogo wangu, sakafu yote likaimaliza. Nilipomuuliza mwanawe akirudi atalala wapi, alinijibu, "Chumba hicho ni cha turubai sasa. Turubai lina adabu kuliko yeye."

Sasa turudi kwenye tetemeko. Lilitokea Alhamisi, nchi ya mbali sana. Jina lake lilitutoa jasho: Mama alilitamka hivi, kinyozi jirani yetu akalitamka vile, na mtangazaji akaja na lake la tatu. Kwenye taarifa ya habari walionyesha majumba yamekaa chini kama watu waliochoka. Mama alitazama amesimama, kikombe mkononi, chai ikapoa. Jumapili asubuhi akasema shirika la misaada linakusanya vitu kwenye ghala la karibu na uwanja wa mpira, lori linaondoka Jumamosi, na yeye anatoa turubai kubwa.

"Kubwa?" nikauliza. "Si madogo?"

"Kubwa."

"Hilo ndilo linalotulisha."

"Madogo yapo mawili. Tutakula kidogo kidogo."

Mama yangu si bahili, lakini si mtu wa kugawa ovyo pia. Mteja akirudisha kamba pungufu, Mama anamfuata mpaka kazini kwake. Mtu wa namna hiyo ghafla anatoa turubai la watu mia mbili kwa watu ambao hata jina la nchi yao linamshinda. Kwa nini? Nililizungusha swali hilo kichwani mpaka nikahisi kizunguzungu.

Na hapo nilikuwa na jambo jingine rohoni ambalo Mama halijui, au nilidhani halijui. Siku kumi na moja kabla ya tetemeko, Jumapili jioni, kulikuwa na upepo mkali. Kwetu uling'oa miti miwili tu. Kwa mdogo wangu ulibeba bati zote za chumba anachopanga, na mwenye nyumba akasema atashughulikia, neno ambalo kwake linamaanisha sahauni. Nilikwenda kesho yake nikamkuta ametandaza plastiki nyeusi kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati, pembeni mwa kitanda, amesimamisha ile nguzo yake yenye kipete ili maji ya mvua yateremke nje. Wifi yangu alikuwa anapika huku kainama, maana plastiki ilikuwa chini. Mtoto wao, mwenye mwaka na kidogo, alikuwa ameikumbatia nguzo anaizunguka, kwake ni mchezo mpya.

"Rudi nyumbani," nilimwambia.

"Nyumbani kuna turubai."

"Basi nimwambie Mama."

"Dada, ukimwambia, mimi na wewe basi. Aje mwenyewe, au asije. Niapie."

Nikaapa. Mdomo wangu huu unaouona, unaoshindwa kufunga hata wakati wa kula, niliufunga siku zote hizo. Na mawingu yalikuwa yanakusanyika kila alasiri. Mvua kubwa ikishuka, plastiki ile haitashika hata saa moja, na mtoto analala chini yake. Kwa hiyo unaelewa Mama aliposema turubai linakwenda kwa watu wa mbali nilivyopandwa na hasira. Turubai hilo ukilikata robo tu, unamfunika mdogo wangu na mtaa wake.

Jumanne kinyozi alileta kiti chake barazani kwetu, kama kawaida yake akikosa vichwa. Yeye ana msimamo kwa kila kitu.

"Mama Turubai," akasema, "mimi sikatai kusaidia. Lakini mtu anaanza na wa kwake. Wale wana nchi tajiri za jirani. Ndege zinashusha vitu toka asubuhi. Sisi nani anatushushia?"

"Kweli kabisa," nikadakia. "Hapa hapa kuna watu hawana paa."

Mama alikuwa anashona kiraka. Akanyanyua macho, akanitazama moja kwa moja. "Nani?"

"Wapo."

"Nitajie mmoja. Hapa mjini, ninayemjua mimi, hana pa kulala. Nitajie nimpe hili turubai sasa hivi."

Nikafungua mdomo. Nikaona uso wa mdogo wangu akisema niapie. Nikaufunga.

Mama alisubiri kidogo, zaidi ya inavyotakiwa kwa swali la kawaida, halafu akarudi kwenye sindano yake. "Basi kama hakuna, linakwenda," akasema. Kinyozi alinitazama kama mtu aliyeachwa peke yake kwenye ngoma.

Jumatano karani wa ghala alikuja kulikagua, kijana mwembamba mwenye karatasi nyingi. Alipima kitambaa, akavuta kamba, akasifu kamba. Kamba zilikuwa mpya. Mama alizibadilisha zote mwezi ule ule wa harusi, kimyakimya, akazipaka vumbi zionekane za siku nyingi. Alidhani sikumwona. Karani alipofika kwenye ule mti akasimama.

"Hii ni nini?"

"Nguzo ya nane," Mama akasema.

"Mama, huu ni mti. Na ni mfupi. Kule kuna upepo wa milimani, na watakaolisimamisha hawajawahi kuliona. Kitu pungufu hatupokei."

"Nguzo ipo. Itakuja Ijumaa." Akanigeukia bila hata kumeza mate. "Nenda kwa ndugu yako ukamwambie nataka nguzo yangu. Ailete mwenyewe. Mikononi mwako siipokei, unajua utaratibu wa baba yako."

Nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. Karani alipoondoka nikamwambia Mama amuache mtu na nguzo yake, kwani ni lazima? Tunaweza kununua bomba jipya, fundi yeyote anachomelea. Akasema haiwezi kuwa sawa. Nikamwambia ana roho ngumu, watu asiowajua anawaonea huruma na mtoto aliyemzaa anamdai chuma. Sijawahi kumwambia Mama maneno hayo. Nilitegemea kofi. Yeye alikunja kiraka chake akasema, "Ukifika msalimie mkwe wangu. Mwambie na mtoto asitembee pekupeku, chini pana misumari ya bati."

Nilikuwa na hasira mno kuyasikiliza vizuri maneno hayo. Mtu mwenye hasira masikio yake ni mapambo tu.

Nilimkuta mdogo wangu ametoka kazini, anaosha mikono. Nikampa ujumbe nikiwa nimekwisha kumwandalia na jibu: akatae. Nikamwambia Mama amevuka mipaka, nitabeba lawama mimi, nitasema nimemkosa. Yeye akaufuta uso kwa fulana.

"Wale watu," akasema, "wana baridi kali kule?"

"Nitajuaje mimi?"

"Niliona kwenye simu. Watoto wamevaa makoti mawili mawili, wamekaa barabarani. Na kule nyumba wanajenga kwa mawe, kwa hiyo hata wakipata nafasi ya kurudi ndani hawarudi, wanaogopa. Wanataka kitu chepesi juu ya kichwa." Aliitazama nguzo pale katikati ya chumba. "Turubai letu bila nguzo hii linafanya bonde. Maji yakijaa pale litawaangukia."

"Na hapa je? Ukiitoa?"

"Hapa nina kuta nne. Wao hawana hata moja."

"Una kuta nne na mtoto mmoja. Kichwa maji wewe."

Wifi yangu, ambaye kwa kawaida haingilii maneno ya damu na damu, aliweka sufuria chini. "Wifi, tumeshazungumza. Tangu siku ya tetemeko anauliza kama mama atatoa turubai. Alisema akitoa ataipeleka. Mimi na mtoto tutalala kwa jirani siku mbili tatu."

Niliwatazama wote wawili. Nimekulia na mtu huyu, tumeoga karai moja, na sikujua kama yuko hivyo. Nilikuwa nimekuja kumkinga na Mama, kumbe wamekubaliana bila kuzungumza miaka miwili. Nikabaki na udadisi wangu mkononi. Huruma hii ya mbali inatoka wapi, na kwa nini haipiti njia ya mkato ya dakika ishirini?

Ijumaa asubuhi tulilitoa turubai chumbani, mimi na Mama na kinyozi, ambaye bado alikuwa anapinga lakini alikuwa anavuta. Lilipotoka mlangoni chumba kilionekana kikubwa mpaka nikashangaa. Nilitaka kukaa nipumzike, Mama akaniambia nikashone kingo, yeye atafagia. Akafagia. Halafu nikamsikia anadeki. Halafu nikasikia kitanda kinaburutwa kutoka chumba cha nyuma. Nikaingia kuchungulia, akanifungia mlango usoni kwa ufunguo, maana miaka yote miwili chumba kile kilikuwa kinafungwa kwa waya lakini karibuni alikuwa ameweka kitasa kipya. Nilidhani anaogopa wezi wa turubai. Mwizi gani angelibeba, sikujiuliza, na mimi ndiye mwenye maswali yangu.

Saa nne mdogo wangu alitokea kwenye kona, nguzo begani. Alifika kwenye kizingiti akasimama. Mama alikuwa uani, mkono kiunoni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nguzo hiyo umeitunza?"

"Haina kutu."

"Isimamishe tuone."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao baada ya miaka miwili. Tukalisimamisha turubai uani mara ya mwisho, lilipofika ukutani tukalikunja upande mmoja. Kila mtu na nguzo zake. Mdogo wangu alipoinua ya kwake, kitambaa kilipanda, lile bonde likapotea, na nikakumbuka lilivyokuwa zamani. Mama alizunguka akigusa kamba moja moja. Alipofika kwa mdogo wangu akasema, akitazama juu, "Kamba nilibadilisha. Zote. Zilikuwa zimechakaa."

"Nimeziona."

"Basi sawa."

Mimi niligeuka nikajitia kukaza fundo ambalo lilikuwa limekaza tayari.

Karani akaja na vijana wake, akahesabu nguzo nane, akaridhika. Kabla hawajafunga mizigo niliomba dakika kumi. Kama hawajui lugha yetu wala sisi hatujui yao, watajuaje nguzo ipi inaanza? Nikachukua rangi nikachora kwenye kipande cha mbao: mtu mmoja ameshika nguzo, kisha wa pili, mpaka wote. Kwenye nguzo yenye kipete nilichora mtu mwenye mikono minene. Karani akasema nimechora kiboko. Nikamwambia apeleke hivyo hivyo, kiboko nao wanamjua.

Gari dogo la ghala likaondoka na turubai. Ua ukabaki mtupu, na mawingu yalikuwa yameshuka mpaka unaweza kuyanusa. Mdogo wangu akajifuta mikono.

"Mimi niwahi," akasema.

"Unawahi wapi?" Mama akamuuliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani gani? Kilichokuwa kinashika paa si umekileta hapa?"

Mdogo wangu akanigeukia na macho ya kuniua. Nikainua mikono juu. "Naapa kwa kaburi la Baba, sikusema."

"Hakusema," Mama akasema, "na nilimpa nafasi. Nilimuuliza mbele ya kinyozi. Nikasubiri. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza, siku ambayo nilitaka aongee."

"Sasa umejuaje?"

"Nilipita."

"Ulipita wapi?"

"Barabarani. Barabara ni ya serikali, nimekatazwa kupita?" Akaukaza upande wa kanga yake. "Nilisimama pale kwenye duka la mkaa. Mlango wako ulikuwa wazi. Nikaiona ile nguzo pacha ya nguzo ya baba yako imeshika plastiki, na mjukuu wangu anaizunguka. Nikarudi. Ningekwambia nini? Nilishasema chumba ni cha turubai, watu wamesikia. Haya. Turubai limesafiri. Chumba hakina mtu."

Akatoa funguo mbili kwenye pindo la kanga, akaziweka kwenye kiganja cha mdogo wangu, moja moja. Kisha akanifokea mimi nimesimama nimeduwaa kama nani, niende kumleta wifi yangu na vyombo kabla mvua haijashuka. Nilikimbia. Nililia njiani pia, na sioni haya kusema. Tulirudi na mkokoteni, mtoto juu ya godoro, na matone ya kwanza yakatukuta kwenye kona ya kinyozi. Ilinyesha siku mbili. Chumba cha kupanga cha mdogo wangu kilijaa maji mpaka kwenye dirisha.

Ingeishia hapo kwa mtu mwingine. Kwangu haikuisha. Wiki mbili baadaye nilikutana na fundi wa vitasa, mzee mmoja anayetembea na mkoba wa funguo unaolia. Akaniuliza kama kitasa cha chumba cha mdogo wangu kinafungua vizuri, maana alikiweka haraka haraka.

"Mama yako hasubiri mtu," akasema. "Alinifuata asubuhi ile baada ya upepo, mimi mwenyewe bati zangu ziko kwa jirani. Nikamwambia nipe siku mbili. Akasema leo leo, na funguo ziwe mbili, moja ya mume na moja ya mke."

Nikahesabu palepale barabarani kwa vidole. Upepo Jumapili. Kitasa Jumatatu. Tetemeko Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nikaenda moja kwa moja mpaka nyumbani. Mama alikuwa barazani anashona turubai dogo, mjukuu wake amelala juu ya kitambaa.

"Mama. Kama ardhi isingetikisika ungefanyaje?"

Hakujifanya hajaelewa. "Ningetafuta namna."

"Ungelitupa?"

"Nililizungukia siku kumi na moja. Niliuze, nani anunue? Nilitaka kuliweka nje, panya na mvua. Nilitaka kumfuata tu nimwambie njoo, mguu ukakataa. Nina mguu mbaya, unajua."

"Kwa hiyo wale watu uliwafanya kisingizio."

Akaacha kushona. Hapo nikajua nimemgusa pabaya. "Ulimuona yule mwanamke kwenye taarifa?" akaniuliza. "Mtu mzima kama mimi. Nyumba yake imelala chini, yeye amekaa kwenye kiti barabarani, mgongo umenyooka, anatazama njia. Mvua inamnyeshea na hatoki. Nikajiuliza, huyu anamsubiri nani? Nikasimama na chai yangu nikamtazama. Yeye yuko nje na turubai langu liko ndani. Mwanangu yuko nje kwa sababu turubai liko ndani. Sasa wewe mwenye kujua, hapo nianze na nani?"

Kinyozi angekuwa na jibu.

"Nishikie hapa," Mama akasema, akanipa pembe ya kitambaa. "Polepole, usimuamshe mtoto."

Nikashika. Chumbani mdogo wangu alikuwa anagonga msumari wa kutundikia nguo. Mama akarudi kwenye sindano, na baada ya muda, bila kunitazama, akaniuliza yeye, jambo ambalo hajawahi kufanya:

"Ile nguzo ya katikati, unadhani kule kuna mtoto wa mtu mwenye nguvu za kuibeba?"

"Sijui, Mama."

"Na mimi sijui," akasema. "Ni nzito ile."